Kutoka Nyasa hadi Mkunazini, na Kurudi

Kati ya mwaka 1862 na 1867 makarani wa forodha ya Kilwa waliandika madaftarini watumwa 97,203 waliotolewa bandarini hapo kwa majahazi. Kati yao 76,703 walipelekwa Unguja. Hao ni wale waliotozwa ushuru. Waliopitishwa kimagendo usiku hawamo. Karani hakuwa na haja ya jina la mtu wala la kijiji chake, kwani ushuru ulikuwa wa kichwa. Hata hivyo kila aliyeishi pwani miaka ile alijua bidhaa hiyo ilikotoka. Sehemu kubwa ilitoka pande za Ziwa Nyasa, kwetu.

Kwa hiyo mtu wa Mkumbi, wa Mbamba Bay au wa Lituhi akienda Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, haendi kama wageni wengine. Wao huenda kutazama mambo ya watu wa mbali. Sisi twaenda kutazama mahali watu wetu walipopotelea.

Uwanja wenyewe ni mdogo. Ukitoka soko la Darajani ukaingia Mji Mkongwe kwa njia ya Mkunazini, hujatembea sana unakutana na kanisa refu la mawe ya matumbawe lililosimama katikati ya nyumba. Madirisha yake ni membamba, yana ncha juu. Mwenye kuzoea makanisa ya Ulaya atayaona ya huko, mwenye kuzoea misikiti na majumba ya Kiarabu atasema ni ya hapa hapa. Mnara una saa. Nje, kando ya kanisa, kuna shimo la mraba, na ndani yake wamesimama watu watano wa kuchonga, chini ya usawa wa miguu ya anayewatazama. Sanamu hizo ni kazi ya Clara Sörnäs, msanii Mswidi, za mwaka 1998. Watu ni wa kuchonga, lakini minyororo iliyo shingoni mwao ni chuma cha kweli. Jua la mchana likiwaka inapata moto, na kutu yake imeanza kuchora mistari shingoni.

Mtembeza wageni niliyemkuta uwanjani alikuwa kijana mchangamfu, Kiingereza na Kitaliano vikimtoka kama maji. Alinieleza habari za viboko, za minyororo na za Livingstone. Nikamwuliza, watu hawa walitoka wapi?

"Bara, mzee wangu."

"Bara ipi?"

Akacheka. "Bara si bara tu, mzee wangu? Huko ndani ndani."

Huko ndani ndani kuna majina. Ziwa lilivukwa kwa majahazi yaliyoundwa ziwani kwenyewe. Upande wa magharibi, Nkhotakota, alitawala Jumbe, mtu wa pwani aliyekwenda kwa biashara akabaki kuwa mkubwa wa nchi. Mateka na pembe zilivushwa hadi Losewa, upande wetu wa mashariki, ambako leo ni Msumbiji, kisha misafara ikashika njia ya Kilwa. Kusini zaidi walikuwako wakuu wa Kiyao: Makanjila kando ya ziwa, na Mataka aliyekuwa na mji wake Mwembe. Bunduki, baruti, nguo na shanga zilipanda; watu na pembe za ndovu zikashuka. Mjerumani Albrecht Roscher aliifuata njia hiyo hiyo ya misafara kutoka Kilwa, akalifikia ziwa Losewa mnamo Novemba 1859, majuma machache tu baada ya Livingstone kulifikia upande wa kusini. Roscher hakurudi, aliuawa njiani mwaka uliofuata. Tumezoea kuambiwa kwamba wazungu hao "waligundua" ziwa. Roscher aligundua nini, ikiwa alipelekwa na wafanyabiashara walioijua njia kabla yake?

Na upande wetu hasa? Wangoni walipotua Songea katikati ya karne ya 19, watu wa nyanda walikimbilia kila palipo na kimbilio. Wamatengo walijibana milimani, wakalima ngoro kwenye miteremko ambayo mtu mwingine angeogopa hata kuipanda. Watu wa ufukweni walijenga nyumba juu ya nguzo majini. Wasafiri Waingereza waliopita ziwani miaka ya 1870 waliviona vijiji hivyo vya majini wakastaajabu. Aliyekamatwa aliweza kufanywa mtu wa Wangoni, akapigana vita vyao na kuoa kwao, au aliweza kuuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Kikole, katika Mbinga hii hii yetu, palikuwa na kituo cha Rashid bin Masoud, mfanyabiashara wa pembe na watu, mwishoni mwa karne ile. Wanaakiolojia wetu wamekwisha kupachimba. Watoto wangapi wa shule za Mbinga wamewahi kupelekwa kukiona? Tunawasomesha Bagamoyo na Kilwa, na Kikole iko jirani.

Kutoka ziwani hadi Kilwa ni safari ya majuma mengi kwa miguu. Wengi walifia njiani, wengine jahazini, kwa maana jahazi la Kilwa lilipakiwa watu kama magunia. Waliofika Unguja walipumzishwa kidogo, wakalishwa, wakapakwa mafuta. Nahodha Smee wa Kiingereza, aliyefika kisiwani mwaka 1811, aliandika kwamba soko lilianza mnamo saa kumi za jioni, na kwamba watumwa walipambwa, wakapakwa mafuta ya nazi na kupangwa kwa kimo, mkubwa nyuma ya mdogo. Wakati huo soko lilikuwa mahali pengine mjini. Baadaye likahamia Mkunazini. Mpango ulikuwa ule ule. Mnunuzi alitazama meno, akatazama mikono, akamwambia mtu akimbie kidogo aone kama achechemea.

Sasa tufike mwaka 1873. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1872, dhoruba kubwa ilikuwa imepiga Unguja ikang'oa mikarafuu na kuzamisha majahazi na meli za Sultani. Wenye mashamba walitaka watu wa kupanda upya, basi hapakuwa na wakati mbaya zaidi wa kumwambia Sultani, Sayyid Barghash, aache biashara ya watumwa. Waingereza wakamwambia hivyo hivyo. Januari 1873 alikuja Sir Bartle Frere na ujumbe wake, Barghash akakataa. Kazi ikamwangukia Dk. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza mjini, ambaye hakuhitaji kuelezwa Nyasa ni wapi: alikuwa pamoja na Livingstone walipolifikia ziwa mwaka 1859. Kirk alitishia kwamba manowari zingekizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Kusafirisha watumwa baharini kukakatazwa, masoko yakafungwa.

Tusitie chumvi hapo. Soko lilifungwa, utumwa haukufungwa. Misafara ya Kilwa iliacha bahari ikapita nchi kavu kuelekea kaskazini, hata ikabidi Sultani atoe amri nyingine mwaka 1876. Hali ya utumwa kisheria iliondolewa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, Mjerumani akiwa amekuja na amekwenda zake. Bibi yake mtu aliye hai leo angeweza kuzaliwa mtumwa.

Lakini kile kiwanja cha Mkunazini kilibaki kitupu, na hapo ndipo kisa chetu kinapogeuka. Padre mmoja wa Kiingereza, A. N. West, alinunua sehemu yake akaitoa kwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyojulikana kwa herufi zake nne, UMCA. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi. Siku ya Krismasi, 1873, jiwe la msingi likawekwa. Tangu soko lifungwe ilikuwa haijatimia miezi saba.

Misheni hiyo haikuwa imeanzishwa kwa ajili ya Unguja. Ilizaliwa kutokana na hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwezi Desemba 1857, na shabaha yake ilikuwa nchi za Nyasa. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikwenda upande wa mto Shire, akafa kwa homa Januari 1862, na wenzake kadhaa pia. Aliyemfuata, Tozer, aliona wazi kuwa wangekwisha wote, akakirudisha chombo nyuma: mwaka 1864 akahamia Unguja. Sultani Majid alimpa watoto watano wa kiume waliokamatwa kutoka jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wa kwanza. Kwa hiyo wakati Waanglikana wa Unguja walipokuwa wakijenga Mkunazini, macho yao yalikuwa ng'ambo, kwetu. Kanisa lile lilikuwa kituo cha njiani.

Mjenzi alikuwa Edward Steere, aliyekuja na Tozer kisha akawa askofu mwaka 1874. Alikuwa mwanasheria kwa elimu na mchapaji kwa kupenda, na pengine ndiye mzungu wa wakati wake aliyejali Kiswahili kuliko wote: kitabu chake cha sarufi na mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja vyote vilitoka mwaka 1870. Katika ujenzi alikuwa mbishi. Hakutaka paa la mbao litakaloliwa na mchwa. Akatumia mawe ya matumbawe na saruji, akafunika kanisa zima kwa kuba refu kama nusu ya pipa. Watu walingoja lianguke. Halijaanguka.

Karibu na mlango kuna nguzo fupi za marumaru zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasemwa kwamba Steere alikuwa safarini na mafundi hawakujua upande upi ni wa juu. Aliporudi akaziacha vile vile. Ya saa ya mnara sitii sahihi. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash aliitoa saa hiyo kwa sharti kwamba mnara usizidi urefu wa jumba lake la Beit al-Ajaib, lakini Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, na Steere alikwisha kufa Agosti 1882. Hata tukiliacha sharti, picha inabaki nzuri: kiwanja kwa sehemu ni cha Mhindu, saa ni ya Sultani Mwislamu, kanisa ni la Waingereza, na waumini wake wa kwanza ni Wayao na Wanyasa.

Steere alizikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu hiyo sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe, na kando yake nyekundu, kuonyesha uliposimama mti wa kuchapia viboko. Kwenye nguzo umetundikwa msalaba mdogo, mbao zake zimetoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Msalaba hauzidi mkono wa mtu, na ukiwa na haraka utaupita bila kuuona.

Kujenga kanisa juu ya mahali pa mambo mengine ni desturi ya kale. Mwaka 601 Papa Gregori wa Kwanza alimwandikia Mellitus, mmisionari aliyekuwa akienda Uingereza, kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu zitolewe, maji ya baraka yanyunyizwe, watu waendelee kuja mahali walipopazoea. Roma penyewe, Pantheon ya miungu yote iligeuzwa kanisa mwaka 609. Siracusa, kisiwani Sicilia, kanisa kuu limejengwa ndani ya hekalu la Athena, na nguzo za Wayunani bado zinaonekana ukutani, nene, zimebanwa na mawe ya Wakristo. Ukizunguka miji ya kale ya Italia hutapata uwanja wa kanisa usiokuwa na kitu kingine chini yake. Norcia, mji alikozaliwa Mtakatifu Benedikto mnamo mwaka 480, lilikuwako kanisa katika uwanja mdogo, juu ya kuta za Kirumi ambazo wenyeji walisema ndizo za nyumba ya wazazi wake. Tetemeko la tarehe 30 Oktoba 2016 liliacha uso wa mbele tu umesimama.

Nimemtaja Benedikto kwa sababu ni wa kwetu pia. Wabenediktini wafuasi wake, kupitia Ujerumani, ndio waliofungua Peramiho mwaka 1898 na kutoka hapo wakapanda Umatengo. Kanisa kuu la jimbo la Mbinga lina jina la Mtakatifu Kiliani, mmisionari wa Ireland aliyeuawa Würzburg mnamo mwaka 689. Mkatoliki wa Mkumbi anaposali humo anasali chini ya jina la mtu wa zama za kati, wala haimshangazi.

Tofauti ya Mkunazini na Siracusa ni hii: Siracusa walibakiza nguzo, Mkunazini hawakubakiza kitu. Hakuna ukuta wa soko, hakuna kizingiti, hakuna hata jiwe. Mti wa viboko umekuwa duara la marumaru. Na pengo hilo limejazwa na masimulizi.

Nazungumzia vile vyumba vya chini katika jengo la jirani, ambamo wageni huingizwa wameinama na kuambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kwa makumi wakingoja kuuzwa. Vyumba vipo, ni vya giza na joto, na anayeingia hutoka amenyamaza. Lakini jengo lenyewe lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali, miaka kadhaa baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wa Zanzibar wamelisema jambo hilo waziwazi. Najua wapo watakaoniambia kwamba la muhimu ni watu waguswe. Sikubali. Jambo lililotendeka kweli halihitaji kusaidiwa na la kubuni, na siku mgeni akigundua kwamba chumba ni cha dawa, atatilia shaka na zile namba za Kilwa ambazo ni za kweli.

Turudi kwenye njia. Mwaka 1875 Steere alitoka Lindi kwa miguu hadi Mwembe kwa Mataka, kuangalia kama mlango wa Nyasa unafunguka. Mwaka uliofuata aliondoka tena na kundi la waliokombolewa, zaidi ya 50, wake kwa waume, waliokulia au kulelewa mikononi mwa misheni Unguja. Wengi walikuwa wa pande za Nyasa na Uyao, na nia ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao. Walipofika Masasi waliona maji, chakula na ardhi nzuri, wakasema basi, hapa panatosha. Ndivyo Masasi ilivyoanza, mwaka 1876. Hebu fikiri safari hiyo: watu walioipita njia ile wamefungwa wanaipanda tena wakiwa na mbegu na majembe.

Amani ilidumu miaka sita. Septemba 1882 Wangoni wa upande wa Songea, ambao kule waliitwa Magwangwara, walivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Mtu aliyetekwa utotoni Nyasa, akauzwa Kilwa, akakombolewa baharini, akasomeshwa Unguja, akapewa shamba Masasi, anatekwa tena na kupelekwa Songea, si mbali sana na alikozaliwa. Mmisionari mmoja aliwafuata hadi kwa Wangoni akawakomboa baadhi yao. Sisi wa Ruvuma tunapowakumbuka wazee wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani Februari 1906, na ni haki tuwakumbuke, tukumbuke na hili. Historia ya kwetu haikugawanya watu kuwa watenda mabaya upande huu na watendwa upande ule.

Katika msafara wa Masasi alikuwamo kijana wa miaka 22, William Percival Johnson, aliyekuja Unguja mwaka ule ule wa 1876 pamoja na rafikiye wa chuoni Oxford, Chauncy Maples. Johnson hakuridhika na Masasi. Alikwenda kukaa Mwembe kwa Mataka, akafukuzwa mwaka 1881 baada ya msafara wa Mataka kukamatwa pwani na wanamaji wa Kiingereza. Watu walimwona yeye ndiye mpelelezi. Akaenda mbele badala ya kurudi nyuma. Mwanzoni mwa 1882 alikuwa ziwani na mwenzake Charles Janson, ambaye alikufa huko huko ufukweni Februari. Johnson mwenyewe alipoteza jicho moja kwa maradhi, la pili likadhoofu, na bado alichangisha fedha za meli. Meli hiyo, Charles Janson, ilishushwa majini Septemba 1885. Mwaka huo wakachagua makao: kisiwa cha Likoma, mahali ambapo Wangoni wasingefika kwa miguu.

Wenyeji wa kisiwa walikuwa na mahali paitwapo Chipyela, walipokuwa wakichomwa moto watu waliodhaniwa wachawi. Januari 1903 jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa hapo hapo. Walijifunza wapi? Maples na Johnson walikuwa wamesali Mkunazini ujana wao. Walijua maana ya kuweka madhabahu juu ya mahali pa kifo. Kanisa la Likoma lilitabarukiwa mwaka 1911. Lina urefu wa karibu mita 100, kwenye kisiwa ambacho mtu hukizunguka kwa miguu kwa siku moja, na nalo lina msalaba wa mti wa Chitambo. Maples hakuliona: aliwekwa wakfu askofu wa Likoma Juni 1895, na Septemba mwaka huo huo mashua iliyokuwa ikimrudisha ikazama kwa dhoruba, akafa maji kabla ya kufika makao yake. Meli kubwa ya misheni ilipewa jina lake. Ilikuja kutoka Uskochi vipande vipande, na bwela lake la mvuke la tani 11 lilivutwa nchi kavu na wanaume 450 wa Kingoni wa upande wa Nyasaland.

Walioifanya kazi ya kila siku hawakuwa Waingereza, au tuseme hawakuwa Waingereza peke yao. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, alipewa upadre Mkunazini mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo. Augustine Ambali, mkombolewa aliyesoma shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, alikwenda ziwani na Johnson, akawa mwalimu, kisha padre, akaishi huko maisha yake yote na kuandika kumbukumbu zake. Kwa kitabu cha Ambali ningebadilisha vitabu vingi vya maaskofu.

Na Johnson? Alikuwa Arkidiakoni tangu miaka ya 1890, lakini alikaa juu ya meli na ufukweni kuliko nyumbani. Pwani ya mashariki ya ziwa, kutoka Msumbiji hadi Manda, aliipita kijiji kwa kijiji kwa zaidi ya miaka 40. Alifasiri Biblia kwa Kinyanja cha Likoma. Wajerumani walipoichukua nchi alikuwa tayari anajulikana kuliko wao. Bandari ya Liuli waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe lililosimama majini ambalo mtu akilitazama kwa upande fulani anaona mnyama amelala, kama ile sanamu ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Guendolen iliivamia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa hata hajapata habari kwamba kuna vita, na aliyempiga, Rhoades, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Magazeti ya London yakasherehekea ushindi wa majini. Meli ile ya Kijerumani, kumbuka, iliundwa kwa michango ya Wajerumani waliotaka kupiga vita biashara ya watumwa ziwani.

Baada ya vita Johnson alirudi pwani yetu. Alikufa Liuli Oktoba 1928, akazikwa huko huko. Hospitali ya Mtakatifu Anna ipo bado, kanisa lipo, na watu wa Liuli ni Waanglikana kama vile sisi wa milimani tulivyo Wakatoliki. Wengi hudhani mgawanyo huo uliletwa na Mjerumani na Mwingereza. Kwa kweli Uanglikana wa pwani ya Nyasa umetoka kiwanja cha Mkunazini, kwa njia ya Masasi na Likoma, ukiongozwa na watu waliouzwa kisha wakakombolewa.

Kwa hiyo, msomaji wa Mbinga au wa Nyasa, ukipata nauli ya kwenda Unguja, usiishie Forodhani. Nenda Mkunazini asubuhi, kabla makundi ya wageni hayajajaa. Lipa kiingilio, pita kwanza kanisani, tafuta ule msalaba mdogo, kisha toka usimame kwenye lile shimo. Vyumba vya chini ukitaka viingie, ukijua vilijengwa lini. Na Liuli usingoje kupata nauli ya meli: barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni ya lami, na kutoka hapo si mbali. Ukiwa Mkunazini, mwulize mtembeza wageni watu wale walitoka wapi. Akikujibu kuwa walitoka bara, mtajie Losewa, Mwembe na Kikole.